Taa za Kutoka Kabanga

Mume wa mwalimu mwenzangu hapa Biharamulo amebadilisha taa za gari lake, na Jumapili iliyopita, baada ya misa, alituita nje ya kanisa tukazione. Aliziwasha jua likiwa utosini, na bado zilituumiza macho. Watu walimpongeza. Mimi nilimwuliza kama amewaambia watu wa bima. Alicheka, akasema, mwalimu nawe, watu wa bima wana habari gani na taa zangu. Nikamjibu kwamba wana habari nazo kuliko padri alivyo na habari za dhambi zake. Kila mtu akacheka, isipokuwa mke wake, ambaye alinitazama kwa jicho la pembeni kwa sababu anajua nikianza hivyo huwa sitanii.

Nina ulimi mkali, sikatai. Wanafunzi wangu wanaujua na mume wangu anaujua zaidi. Lakini siku ile sikuwa na hasira na yule bwana. Nilirudi nyumbani, nikaketi jikoni bila kuvua kitambaa cha kichwani, nikalia mpaka viazi vikaungua. Nilikuwa nimemkumbuka baba yangu, na jirani yetu, na kijana ambaye nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Nimeona afadhali niyaandike kuliko kuendelea kuwagombeza watu nje ya kanisa.

Kwetu ni Kasulo, wilaya ya Ngara, si mbali na barabara ya lami inayopitisha malori ya kwenda Rwanda na Burundi. Tunalima migomba, maharage na mahindi. Baba alikuwa mkulima kama wengine, ila yeye alikuwa na pikapu. Aliinunua ikiwa tayari imechoka, akaipaka rangi ya kijani, na kwa miaka mingi ikabeba mazao ya kijiji kizima hadi Nyakahura na Biharamulo. Ilibeba pia wajawazito, wagonjwa na majeneza. Baba alisema kwamba gari kijijini ni kama kisima, ukiwa nacho huwezi kuwafungia watu.

Woga wa giza aliupata msituni. Ile barabara inayotoka kwetu kwenda Biharamulo inapita katikati ya msitu, na kuna miaka ambayo hakuna aliyeupita peke yake. Magari yalisubiriana, yakaenda kwa msafara na askari wenye bunduki wakiwa mbele, kwa sababu majambazi walikuwa wakijitokeza porini na kuteka. Baba aliupita msitu ule miaka hiyo yote. Aliwahi kuniambia kwamba kilichomtesa zaidi hakikuwa majambazi wenyewe bali ile sehemu ya barabara ambayo taa zake hazikuifikia. Miaka ile imepita, na siku hizi watu wanasafiri humo wakichezea simu. Baba yeye hakupata kuizoea salama hiyo.

Jirani yetu alikuwa rafiki yake tangu utotoni. Shamba lake na letu yanatenganishwa na mfereji mdogo ambao hata kuku hauwazuii. Jumapili jioni walikuwa wakiketi uani kwetu au kwake, chungu kimoja cha pombe ya ndizi katikati, mirija miwili, wakitaniana mpaka mama akawafukuza. Jirani hakuwa na gari wala hakulitaka. Alimwambia baba kwamba siku Mungu akimwita atachelewa kufika, kwa kuwa ameshasahau kutembea kwa miguu. Baba akamjibu kwamba yeye atampita njiani na atampigia honi.

Mtoto wa kwanza wa kiume wa jirani alipozaliwa, baba ndiye aliyekuwa baba yake wa ubatizo. Na kwetu hilo si jambo la kupiga picha tu kanisani. Mtoto yule alikua akimwita baba yake mzazi "Mzee", na kumwita baba yangu "Baba", tena kwa sauti ya kudai. Alikuja kwetu kula, alikuja kwetu kulala, alikuja kwetu alipofukuzwa shule. Mimi nilikuwa msichana mkubwa wakati anazaliwa, hivyo mgongo wangu ndio uliokuwa kitanda chake. Alipokuwa mtu mzima akanunua pikipiki, akawa bodaboda pale njia panda ya malori, akaoa, na bado akija kwetu alifunua sufuria kwanza ndipo asalimie.

Sasa taa. Taa za mbele za pikapu zilikuwa za zamani, na vioo vyake vilikuwa vimegeuka njano kwa vumbi na jua. Macho ya baba nayo yalikuwa yameanza kuchoka, ingawa hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo. Malori yakimjia usiku yalimwacha haoni kitu, naye akarudi nyumbani amekasirika, akisema barabarani siku hizi mwenye taa ndogo ni mbuzi. Akaenda Kabanga, mpakani, ambako kati ya wabadilisha fedha na wauza vitenge kuna mafundi wanaouza vipuri vinavyovuka kutoka Burundi. Fundi mmoja alikuwa na taa nzuri, vioo vinang'aa, zilizotolewa kwenye gari la upande ule. Hazikuingia sawasawa, hivyo akalikata bati la pikapu kwa msumeno, akazifunga kwa waya, kisha akaweka ndani balbu za LED zenye mwanga mweupe kabisa.

Aliporudi jioni ile, kijiji kilitoka kuona. Watu walisema mzee ameleta mchana. Jirani alisimama mbele ya gari kwa makusudi, akafunika uso kwa kofia, akauliza kama hizo ni taa au ni siku ya hukumu. Mama alisema zinamwumiza macho, akajibiwa basi asiziangalie. Kijana wa ubatizo alizisifu kuliko wote. Alizunguka gari mara kadhaa, akagusa vioo kwa kidole, akasema, Baba, na mimi nitafutie moja ya pikipiki.

Niliwahi kusafiri na baba mara moja baada ya hapo, kutoka Biharamulo kwenda nyumbani, jua likiwa limezama. Kila gari lililotujia lilituwashia na kutuzimia taa. Baba naye aliwawashia na kuwazimia, akitabasamu. Nilimwuliza wanataka nini. Akasema wanamsalimia, barabara nzima inamfahamu. Baada ya magari kadhaa akaongeza kwamba wengine labda wana wivu. Nami niliamini, kwa kuwa siendeshi gari, na kwa kuwa baba yangu alipenda kusalimiwa.

Ajali ilitokea mwezi wa mvua, jioni, kwenye kona ya kuteremka kabla hujafika kijijini. Kulikuwa na manyunyu na ukungu, kama ilivyo kawaida yetu. Baba alikuwa anatoka mnadani Nyakahura na makreti matupu. Kijana alikuwa anapanda mlima na pikipiki yake kwenda kumchukua abiria. Mama mmoja anayechoma mahindi pale konani aliona yote. Alisema kijana aliinua mkono akakinga macho, vile mtu anavyofanya ukimmulika tochi akiwa kitandani. Pikipiki ikabaki kwenye mkono mmoja, ikayumba, ikavuka katikati ya barabara, ikaingia mbele ya pikapu. Baba alifunga breki, lakini pale barabara inateremka na lami ilikuwa imelowa.

Alishuka, akamkuta chini mbele ya gari, akamjua. Taa moja ilikuwa imevunjika na nyingine ilikuwa bado inawaka. Yule mama wa mahindi alisema aliwaona wale wawili kwenye mwanga ule, baba amepiga magoti, kijana midomo inatembea. Alikuwa mbali, hakusikia. Kijana hakufika hospitali.

Nilipigiwa simu usiku huohuo na kulipopambazuka nikapanda basi. Nilimkuta baba ameshaandikisha maelezo polisi Ngara mjini na ametoka kwa dhamana, ameketi kitandani na viatu vyake vyenye damu. Mama alikuwa ameshakwenda msibani. Nilidhani baba anajiandaa kwenda, nikamtafutia koti lake. Akasema hapana, ameambiwa asiende.

Aliyemwambia alikuwa wakala wake wa bima. Lazima nieleze kwamba baba alikuwa na bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe, jambo la nadra kijijini kwetu, naye alijivunia sana. Wakala yule alikuwa mtu mwema, nimekutana naye. Alipopigiwa simu alimpa baba pole, kisha akamwonya asimweleze mtu yeyote jinsi ajali ilivyotokea, asikiri kosa, asiahidi kulipa chochote, kwa kuwa mkataba unakataza, na akivunja hilo kampuni inaweza kukataa madai. Kwa mtu wa Dar es Salaam pengine onyo hilo halina shida. Unafunga mdomo, unavaa miwani ya jua, unakwenda kuzika, unarudi.

Kwetu haiwezekani. Upande wetu, aliyekuwa na marehemu mwisho ndiye mwenye neno la kwanza msibani. Anafika, anasimama mbele ya wafiwa akiwa amevua kofia, anaeleza mtu wao alikufaje, alisema nini, aliangalia wapi. Awe alimuuguza, awe alimwokota, awe ndiye aliyemgonga, lazima asimame. Asiposimama, maiti inahesabiwa kwamba imekufa peke yake. Hukai msibani ukanyamaza ukiwa wewe ndiye uliyeona, ni afadhali usije. Baba akachagua kutokuja.

Nilimwambia maneno makali siku ile. Alinisikiliza, kisha akanieleza kwa upole kwamba anafanya hivi kwa ajili yao. Kijana ameacha mjane na watoto wawili. Akisema, kampuni itakataa, na wale watoto watakosa. Akinyamaza, watapata, na baada ya hapo atakwenda kusema yote. Lilikuwa jibu la mtu mwenye akili, na aliliamini. Lakini nilimwona anakwepa kutazama upande wa mfereji, nikajua kwamba ndani ya jibu lile kulikuwa pia na woga, na woga umepata nyumba nzuri ya kukaa.

Nilikwenda kuzika na mama. Tulivuka ule mfereji, tukaketi na wanawake chini ya turubai. Hakuna aliyetutukana. Wanawake walitusogezea mkeka, wakatuuliza kama tumekunywa uji. Ningependelea kutukanwa.

Kaburi lilikuwa limechimbwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Msalaba wa mbao ulikuwa umeegemezwa ukutani, umeandikwa jina lake kwa rangi nyeupe. Kwetu msalaba hubebwa na mzazi wa ubatizo, kutoka ukutani hadi kaburini, akitangulia mbele ya jeneza, kwa kuwa yeye ndiye aliyempeleka mtoto kwa Mungu mara ya kwanza. Katekista alimaliza sala. Wabebaji wakashika jeneza. Kisha kila mtu akasimama, akageuka kutazama njia inayotoka kwetu. Jirani naye aliitazama. Manyunyu yalianza tena, na hakuna aliyesema twende. Tulisimama hivyo mpaka watoto wakaanza kuuliza tunasubiri nini. Ndipo jirani alipokwenda mwenyewe ukutani, akauchukua msalaba wa mwanawe, akauweka begani, akatangulia.

Baada ya maziko nilikwenda kumpa mkono. Nilipiga goti kidogo, nikasema shikamoo baba. Aliitikia marahaba. Macho yake yalikuwa makavu. Hakuuliza baba yangu yuko wapi, maana alijua, ni kuvuka mfereji tu. Alizungumza Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani, polepole, kama mtu anayemtuma mtoto dukani na hataki asahau.

"Muulize mtoto alisema nini," aliniambia. "Mengine yote nitasubiri. Hilo moja aniletee."

Nilimpelekea baba swali lile jioni hiyo. Alifumba macho. Alisema atalijibu mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mwenye mtoto, bima ikishakwisha. Mama alimwuliza, kaka zangu walimwuliza, hata katekista alikuja. Jibu likawa lilelile. Nikarudi Biharamulo kufundisha, na siku moja nilipopiga simu nyumbani nikasikia kwamba jirani amejenga uzio wa matete juu ya ule mfereji.

Siku ya ukaguzi nilikuwepo, kwa kuwa baba aliniomba nimsindikize Ngara. Gari lilikuwa limehifadhiwa uani polisi. Alikuja mkaguzi wa bima, mtu wa makamo mwenye suti iliyopauka, na askari wa usalama barabarani anayekagua magari. Askari alikuwa ameshaandika ripoti yake, lakini alitaka kumwonyesha mkaguzi kwa macho. Wakaunganisha waya, wakaiwasha taa iliyosalia, wakaielekeza kwenye ukuta uliokuwa kivulini. Askari alimwuliza baba kama alipunguza taa alipoiona pikipiki. Baba alisema alipunguza, anaapa. Askari akasema anamwamini, na hilo ndilo alilotaka tulione. Akapunguza taa.

Ukutani mwanga ulishuka upande wa kushoto. Upande wa kulia ukapanda, mweupe, mkali, hadi juu ya kichwa changu. Askari akaeleza, bila kejeli, kwamba taa zile zilitengenezwa kwa ajili ya nchi ambazo magari hupita kulia, kama Burundi. Kule, mwanga unaopanda kulia humulika ukingo wa barabara na watembea kwa miguu. Kwetu tunapita kushoto, na kulia ndiko anakotoka mwenzako. Kila mara mzee alipopunguza taa kwa heshima, alikuwa anamwinulia mwenzake mwanga usoni. Tena zile balbu hazikutengenezewa taa za aina ile, zilitawanya mwanga kila mahali, na kwenye ukungu ndiyo kabisa. Nikakumbuka wale madereva waliotuwashia na kutuzimia taa, na baba akitabasamu. Sikumtazama. Nilisikia tu akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi.

Mkaguzi aliuliza kama kampuni ilijulishwa kuhusu taa hizo. Kila mwaka baba alipokata bima aliulizwa kama gari limefanyiwa mabadiliko, na kila mwaka alijibu hapana. Hakuwa anadanganya. Kichwani mwake, kubadilisha ni kuigeuza pikapu kuwa basi. Taa ilikuwa matengenezo, kama kuziba pancha. Mkaguzi alisikiliza yote hayo, akaitikia kwa kichwa, akasema anasikitika. Gari halitalipwa. Na kile ambacho sheria inailazimisha kampuni kuwapa wafiwa, mahakama ikishaamua, kampuni ina haki ya kurudi kumdai yeye, kwa kuwa gari lililokuwa barabarani halikuwa lile lililokatiwa bima.

Mimi ndiye niliyekuwa na neno. Nilimwambia mkaguzi kwamba mtu huyu hakwenda kumzika mwanawe wa ubatizo kwa sababu yenu. Mlimwambia akisema mtakataa. Amenyamaza, na bado mmekataa. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akauliza nani alimkataza kwenda. Nikamweleza. Akavua miwani yake, akaifuta kwa tai, na akachukua muda kuifuta.

"Mwalimu," alisema, "mkataba unamkataza mtu kukubali kulipa kabla hatujachunguza. Haujawahi kumkataza mtu kuzika."

Nimefikiria sentensi hiyo mara nyingi. Nimejaribu kumchukia wakala na nimeshindwa, kwa kuwa alionya kwa nia njema na hakujua desturi zetu. Nimejaribu kumchukia fundi wa Kabanga, lakini yeye aliuza taa, na taa ziliwaka. Baba ndiye kabisa siwezi kumchukia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila baba hakuficha maradhi yoyote. Alipenda aone mbele, basi, baada ya kuogopa giza maisha yake yote. Kosa lake ni la watu wa mpakani kwetu, ambao vitu vinatujia kutoka pande zote na hatuulizi viliumbwa kwa ajili ya barabara ya nani.

Pikapu ilirudishwa nyumbani kwa kuvutwa na trekta. Mpaka leo imekaa nyuma ya jiko, matundu mawili mbele, na kuku wanataga ndani ya matundu hayo. Kesi ya barabarani ilikwisha kwa faini na baba akanyang'anywa leseni. Hakuisikitikia. Alianza kutembea kwa miguu, kama rafiki yake alivyokuwa akimtania, na ilikuwa dhahiri kwamba kweli alikuwa amesahau kutembea. Alikwenda taratibu, ametazama chini, akijikwaa.

Wiki ya likizo niliyofika nyumbani, alivaa koti lake jioni, akaniambia nimsindikize kwa jirani. Hakubeba pombe wala zawadi. Tulikwenda kuuzunguka uzio wa matete, kwa sababu njia ya zamani ilikuwa imefungwa. Jirani alikuwa ameketi uani na mke wake anachambua maharage. Alituona, akainuka, akatuletea viti. Alimwita baba "mgeni". Maisha yangu yote sikuwahi kusikia akimwita hivyo, na niliona neno lile lilivyompiga.

Kisha jirani akasema amesikia kwamba bima imekataa. Baba akakubali kwamba imekataa. Akaongeza kwamba alikuwa amepanga kuja hata kama ingelipa, ila hawezi kumwomba mtu yeyote aamini hilo. Mke wake aliacha kuchambua maharage.

Ndipo baba aliposimama, akavua kofia, akafanya kile alichotakiwa kufanya siku ya maziko. Alieleza alivyotoka mnadani, ukungu ulivyokuwa, mahali alipoiona pikipiki. Alieleza taa, zilikotoka, na kile askari alichotuonyesha ukutani. Hakujitetea popote. Alisema, mimi ndiye niliyemmulika mtoto machoni. Jua lilikuwa limeshazama, na giza lilikuwa linaanza kuingia uani kutoka upande wa migomba. Jirani alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti. Aliuliza lile swali moja bila kuinua kichwa.

"Alisema nini?"

Baba alimgeukia mwenye mtoto.

"Alisema, 'Baba, zima taa.'"

Mke wa jirani alijishika mdomo. Mimi nilitazama ardhi. Nilielewa kwa nini baba hakuweza kuitoa sentensi ile kwa yeyote kati yetu, wala kuituma kwa mtu.

"Ukazima?" aliuliza jirani.

"Sikuzima," baba alisema. "Nilitaka nimwone."

Baba alibaki amesimama, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyesahauliwa mbele ya darasa. Mke wa jirani, kwa mazoea ya mwenye nyumba anayeona wageni wake wako gizani, aliinuka akaingia ndani. Alirudi na taa yao ndogo ya sola, akaiweka chini katikati yetu. Nikaziona nyuso za wale wazee wawili kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu zikiwa pamoja, na zilikuwa zimezeeka kuliko nilivyofikiri. Jirani aliitazama ile taa.

"Izime, mama," alimwambia mke wake. Kisha akanyoosha mkono, akakivuta kiti cha baba karibu na chake.

Akaizima. Baba akaketi. Giza likatufunika sote, na sikuweza kuona uso wa mtu yeyote. Nilisikia mmoja wa wale wazee analia, na mpaka leo sijui alikuwa yupi.